Kinachokula Hewa Mtungini

Hili halikumpata jirani wa jirani. Lilimpata mjukuu wangu, na mimi nilikuwapo, miwani usoni, mchana kweupe.

Mjukuu wangu kazi yake ni kupima hewa. Hewa yenyewe inaitwa ozoni. Huko juu angani inatukinga na jua, lakini ukiivuta kifuani ni sumu. Wao huitia kwenye mtungi wa kioo, mrefu kama mtu aliyelala, wakaichanganya na hewa nyingine, wakakokotoa inaliwa kwa kasi gani. Nilimuuliza mtu anasomaje miaka yote hiyo aje apime kitu kisichoonekana. Akacheka, akasema hata mapenzi hayaonekani, Bibi. Wakati huo alikuwa bado na mume.

Mumewe, ambaye kwa utani nilimwita mume wangu, alifanya kazi chumba hichohicho. Alikuwa na pumu. Siku moja bomba lilivuja akiwa peke yake. Walimkuta chini, uso kauegemeza kwenye mtungi.

Matanga yalipokwisha mjukuu alirudi kazini. Alitaka kuimaliza hesabu ya marehemu, jina lake lisipotee. Hesabu ikakataa. Akaja kunichukua, kakonda kama ufito.

"Bibi, njoo uangalie, uniambie kama nimerukwa na akili."

Njiani alinieleza kwamba kabla ya kuchanganya chochote huitia ozoni peke yake, kwa sababu kioo nacho hula kidogo. Hicho kinacholiwa na kioo lazima kipimwe, kiondolewe kwenye hesabu. Kwenye kompyuta mstari wa ozoni iliyobaki hushuka taratibu, kama mteremko mpole.

Tulipofika, mstari wake haukushuka hivyo. Ulidondoka ghafla. Ukasimama kitambo. Ukadondoka. Ukasimama.

"Koki zote zimefungwa," alinong'ona. "Mtungi nimeuosha, mashine nimebadilisha. Kinachokula ni nini?"

Nilikuwa nasikiliza kwa macho. Kifua kile cha marehemu nilishakiuguza, nikimkanda mgongo: anavuta haraka, anatoa kwa taabu. Nikaweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa na joto. Kila mstari ulipodondoka, kilitetemeka.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "unamvutisha sumu iliyomuua."

Hakulia. Alibandika shavu kwenye kioo, akakaa hivyo hadi nikachoka kusimama. Akauliza, akimfungulia, si ataondoka? Nikamwambia mume hawekwi chupani kama dawa ya kikohozi.

Akafungua koki ya hewa safi.

Mstari ukatikisika. Ukashuka hadi chini. Ukalala.

Kioo kikapoa chini ya kiganja changu. Tukarudi nyumbani.

Siku zilizofuata hesabu ilikubali, na jina la marehemu likaandikwa la kwanza. Mtungi hauna neno tena, wengine wanautumia. Daktari naye amempima mjukuu wangu kifua, akasema ni kizima kabisa.

Lakini alasiri akijinyoosha kitandani, usingizi ukampitia, huwa nakaa karibu naye nikichambua mboga. Nasikia pumzi yake ikiingia na kutoka, polepole. Halafu, katikati yake, inavutwa nyingine.

Haraka. Inatoka kwa taabu.

Simwamshi. Naweka ungo chini, naenda kuwafungulia dirisha.