Ukuta Ulionukia Mvua

Mutanu, mtoto wa miaka minne, aliwajua mbuzi wote wa nyanya yake kwa majina, ingawa hakuwahi kuwaona. Mama yake, Kaveke, alimfundisha wakiwa wamekaa mlangoni pao Soweto West, Kibera.

"Madoa, Kijivu, Pembemoja, Mkia, na Mama Mzee!"

Kaveke alitoka Kitui akiwa msichana. Kitu alichokitamani zaidi ni harufu ya mvua ya kwanza. Kwao, mvua ikinyesha, wanawake wajawazito walienda kwenye kichuguu, wakamega udongo, wakala. Mama yake alimmegea na yeye kipande. Kilikuwa baridi, kikayeyuka ulimini.

Sasa Kaveke mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mvua ilipopiga ukuta wao wa udongo, nyumba ilinukia Kitui kabisa. Mkono ukaenda wenyewe. Akakwaruza, akala.

"Mama Mutanu! Umekuwa mchwa?" Jirani yake Mideva alicheka. "Ukimaliza wako, usije kwa ukuta wangu!"

"Wacha nionje kwetu," Kaveke akajibu, naye akicheka.

Hakuona kwamba nyuma ya kitanda kulikuwa na shimo lingine, la vidole vidogo.

Baada ya miezi miwili, Mutanu alianza kulia tumbo. Akawa na hasira za bure. Jioni moja akasema, "Madoa, Kijivu..." kisha akakwama. "Nimesahau, Mama."

Kaveke alidhani ni minyoo. Akampa dawa. Haikusaidia.

Mideva alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Siku moja alikuja na mtafiti aitwaye Nasambu, aliyekuwa akipima udongo, maji na damu za watu, ajue kama sumu zinawafikia. Nasambu akawatoa Kaveke na Mutanu damu, akachukua na udongo wa ukuta.

Wiki iliyofuata alirudi mwenyewe.

"Mama Mutanu, mtoto ana risasi mwilini."

Kaveke alipiga nduru. Akamvuta mtoto, akamfunua nguo, akitafuta jeraha. "Nani amempiga? Lini?"

"Pole, si ya bunduki," Nasambu akasema upesi. "Kuna madini yanayoitwa risasi. Yako kwenye betri za gari. Hayanuki, huwezi kuyaonja. Mtoto akiyala kidogo kidogo, yanaharibu akili yake."

"Na sisi hata baiskeli hatuna! Betri tutoe wapi?"

"Imo kwenye huu udongo wa ukuta. Ulitoka wapi?"

Mumewe, Mbithi, aliweka kikombe chini. "Niliuchota Kawangware, kwa yadi ya vyuma chakavu nilikokuwa nikisukuma mkokoteni. Hapo wanavunja betri kuukuu. Ulikuwa laini, tena wa bure." Sauti ikafifia. "Nilitaka tu upepo usiwapige."

Kaveke aliangalia kucha zake. "Na huyu wa tumboni?"

"Risasi inatoka kwa mama inamfikia. Damu yako pia inayo," Nasambu akasema. "Ndiyo maana tunaanza leo. Usile tena udongo wowote, hata ule unaouzwa sokoni. Twendeni kliniki, wewe na mtoto. Nawa mikono kabla ya kula. Pika maharagwe, dagaa wa omena na mboga za kijani. Na usifagie vumbi kavu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji."

Mwenye nyumba alinung'unika, lakini akakubali ukuta utolewe. Kaveke na Mutanu walilala kwa Mideva. Mbithi alifunika pua na mdomo, akalowesha udongo ili usitimue vumbi, akautia kwenye magunia. Watu wa Nasambu wakayachukua, yasitupwe mtoni. Ukuta mpya ukawa wa mabati.

Kila walipopimwa, risasi ilikuwa imepungua. Daktari alisema haitaisha haraka, waendelee kuja. Mtoto akazaliwa, wa kiume, mwenye sauti kali. Yeye pia akawa anapimwa.

Kisha mvua ya kwanza ikaja. Kaveke alikuwa ananyonyesha. Mkono wake ukaenda ukutani wenyewe, ukagusa bati baridi. Hapakuwa na harufu yoyote.

"Mama, unatafuta nini?" Mutanu akauliza.

"Kwetu."

Mutanu akafikiri. Akasogea, akamshika mama yake mkono ule.

"Madoa," akasema. "Kijivu. Pembemoja. Mkia." Akatua kidogo.

"Na Mama Mzee!"