Video Iliyojifunga Dakika ya Kumi na Nne

Simu ya Mwalimu ilinikuta nafagia duka, jua linazama, taa ya meza ya kazi nimeshaizima. Alikuwa mpole kwenye simu, mpole wa kupitiliza.

"Dada fundi, samahani kwa usumbufu. Televisheni yetu ina shida ndogo tu. Ile programu ya kuchezea video inajifunga yenyewe. Mama yangu mgonjwa, na hicho ndicho kitu pekee kinachomliwaza."

Ungekataa wewe? Nyumba yake ilikuwa mitaa miwili tu kutoka dukani. Nikatia laptopu kwenye mkoba wa vifaa, nikaenda.

Mwalimu alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati limenyooshwa pasi, kucha safi. Mtaa mzima ulimsifu kwa jinsi alivyomtunza mama yake. Mama mwenyewe alikuwa sebuleni kwenye kiti cha magurudumu, ameelekezwa kwenye televisheni. Kiharusi kilimpiga miaka miwili nyuma, kikamnyang'anya miguu, mkono wa kulia na sauti. Alibakiwa na mkono wa kushoto na macho.

"Shikamoo, mama."

Macho yakanigeukia. Yalikuwa yananiomba kitu. Nilidhani ni maji.

Sebule ilinuka sabuni ya kupigia deki. Chini ya sabuni kulikuwa na harufu nyingine, kama ya nguo mbichi zilizofungiwa kabatini wiki nzima.

"Ni video moja tu inayosumbua," Mwalimu alisema, akinipa rimoti. "Ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Alifariki kwa pumu, na mama akaanguka wiki ileile. Kila jioni namwekea. Ikifika dakika ya kumi na nne, programu inajifunga. Mama hajawahi kuiona mpaka mwisho."

"Pole sana, Mwalimu. Hilo si tatizo kubwa."

Ndivyo nilivyojibu. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikaiwasha. Kijana mwembamba, miguu peku, alikuwa anaosha gari uani, anacheka na anayemrekodi. "Kaka, nichukue vizuri bwana, nisije nikatoka kama jambazi!" Akamrushia povu. Kamera ikatikisika. Kicheko chake kilikuwa cha mtu asiye na adui duniani.

Dakika ya kumi na nne, picha ikakatika ghafla. Ukaja mlango. Mlango wa mbao, umefungwa kwa nje kwa kufuli kubwa. Hakuna mtu. Ila aliyeshika kamera alisikika akipumua.

Kioo kikawa cheusi. Programu ikajifunga.

Nyuma yangu, mama alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

Sikulitilia maanani. Mimi ni fundi, nina kiburi cha ufundi. Nikafuta takataka za kumbukumbu ya programu. Nikazima televisheni, nikaichomoa ukutani, nikahesabu hadi sitini, nikaichomeka. Ikajifunga palepale. Nikaifuta programu yenyewe, nikaipakua upya. Palepale. Nikasasisha mfumo mzima wa televisheni. Palepale, sekunde ileile. Nikaweka video zangu za majaribio, ndefu kuliko hiyo, zikaenda mpaka mwisho bila kukwama.

"Basi kasoro iko kwenye faili," nikamwambia. Nikachomoa flashi yenye video, nikalitia faili kwenye laptopu, nikalibadilisha muundo. Kazi ikaisha bila kosa hata moja. Dakika thelathini na moja kamili. Nikalirudisha kwenye flashi, nikachomeka.

Mlango. Pumzi. Giza.

Na nyuma yangu, mama akashusha pumzi.

Safari hii niligeuka. Jasho lilikuwa linamtiririka kidevuni. Mshipa wa paji la uso umesimama. Midomo ilikuwa bado inachezacheza, bila sauti, kama mtu anayemalizia maneno aliyoyarudia mara nyingi mno. Nikamsogelea kumfuta jasho. Mkono wake wa kushoto ukanidaka kifundo cha mkono. Vidole vya baridi, vina nguvu ambazo mgonjwa hapaswi kuwa nazo. Kidole kimoja kikainuka, kikaenda kulia, kikaenda kushoto. Kulia. Kushoto.

"Mwalimu..." nikanong'ona. "Mama anasema hapana."

"Anakushukuru," alisema, akivifungua vidole vya mama yake kimojakimoja. "Ndivyo anavyoshukuru."

Akavuta kiti cha mama kidogo, akasimama nyuma yake.

"Dada fundi, umebadilisha kila kitu humu ndani. Kuna kimoja tu hujakibadilisha."

Nilimwelewa. Mungu anisamehe, nilimwelewa mara moja. Kichwa changu cha kifundi kilikuwa kimeshafika huko kabla yake, na sehemu yangu moja ilitaka kuona kama ni kweli mama ndiye aliyekuwa akiifunga.

Akakigeuza kiti, mama akatazama ukuta. Kisha akamziba macho kwa kiganja, taratibu, kwa upendo, kama wazazi wanavyowaziba watoto wanapotaka kuwashtukiza kwa zawadi. Mkono wa pili akauweka juu ya midomo yake.

"Bonyeza."

Mama alikuwa anatoa sauti puani. Sauti nyembamba, kama ya kitoto cha mbwa.

"Bonyeza, dada yangu. Usiogope."

Nikabonyeza.

Dakika ya kumi na tatu. Povu, kicheko.

Ya kumi na nne. Mlango.

Haikujifunga.

Ilienda. Mlango, mlango, mlango. Kisha ngumi kwa ndani. Nyepesi. Kisha kukohoa, kule kukohoa kwa kuvuta hewa isiyofika.

"Kaka... dawa yangu... kaka, utani umetosha..."

Kamera haikutikisika hata kidogo. Mkono ulioishika ulikuwa umetulia kama ukuta.

"Mama... Mama, nifungulie..."

Nilibonyeza kitufe cha kuzima sauti. Alama ikatokea kwenye kioo: sauti imezimwa.

"Mama, nifungulie."

Haikutoka kwenye televisheni.

Ilitoka ndani ya nyumba.

Pembeni ya televisheni kulikuwa na mwanya wa kuingilia koridoni. Macho yangu yalikuwa yameupita jioni nzima bila kuutazama. Nikautazama. Mwisho wa korido kulikuwa na mlango wa mbao. Kufuli kubwa. Ile harufu ya nguo mbichi ilitoka huko, sasa nzito, inashika kooni.

"Mama..."

Mwalimu aliondoa viganja vyake. Akarudi nyuma hatua moja.

Na mama akasimama.

Miaka miwili hakuwa amesimama. Magoti yalilia kama kuni zikivunjwa. Shuka likaanguka. Akapita mbele yangu bila kunitazama, peku, nyayo zake laini kama za mtoto, kwa sababu hazikuwa zimekanyaga chini muda wote huo. Uso wake haukuwa na hofu tena. Ulikuwa uso wa mzazi anayeitwa.

"Mama, usiende!" nikapiga kelele.

"Mwache," Mwalimu alisema. "Akiitwa na huyu huwa anakwenda. Mimi nimemwita maisha yangu yote."

Mlango ulifunguka. Niliusikia. Ukafungwa. Niliusikia pia.

Nilikimbilia koridoni. Kufuli lilikuwa limefungwa. Vumbi juu yake limelala sawasawa, na utando wa buibui umeliunganisha na fremu, haujakatika. Mama hakuwepo. Nikaweka sikio kwenye mbao. Ndani kulikuwa na watu wawili wanapumua. Nikalivuta kufuli kwa mikono yote miwili. Nikapiga kelele Mwalimu aniletee ufunguo.

Baada ya muda, alikuwa anapumua mmoja.

Baada ya muda, hakuna.

Mwalimu alikuwa bado sebuleni. Alichukua rimoti kwenye kochi, nilipokuwa nimeiangusha, akaifuta kwa shati lake.

"Imepona kabisa," alisema. "Ahsante, dada fundi."

Kesho yake aliita majirani, akalia, akasema mama amepotea usiku. Ni wao waliovunja kufuli la mlango ule wa korido, mlango wa stoo. Walimkuta ameegemea mlango kwa ndani, amekufa, kucha zimevunjika. Kila mtu aliuliza aliingiaje. Hakuna aliyejibu, na watu wakichoka kuuliza huanza kuzika.

Mimi sikusema. Ningesema nini, na nani angeniamini? Lakini nakudanganya nikisema niliogopa kutoaminiwa. Niliogopa kuulizwa nani alibonyeza.

Nilikwenda msibani. Mwalimu aliniona nimesimama nyuma kabisa, akaja akanishika mkono, akanivuta mpaka mbele ya akina mama waliokuwa wamekaa mkekani.

"Huyu ndiye fundi," akawaambia, kwa sauti ya kilio. "Alikuja jioni ile ya mwisho. Yeye ndiye aliyemfurahisha mama."

Akina mama wakanibariki. Mmoja alinibusu kiganja. Mwalimu alinitazama juu ya vichwa vyao, na machoni mwake hamkuwa na chozi hata moja.

Siku ya tisa baada ya mazishi, nikiwa dukani, simu yangu ikaita. Ni yeye. Upole wote umekwisha.

"Dada fundi... njoo. Tafadhali njoo sasa hivi."

"Kuna nini?"

"Inacheza yenyewe. Nimeizima, nimeichomoa, waya ninao mkononi. Bado inacheza. Na mlango sio ule tena." Alikuwa analia kweli safari hii. "Unaonyesha mlango wa chumba changu. Kamera iko nje, mimi niko ndani. Dada yangu, wewe unajua ufundi, niambie nifanye nini..."

Ningeweza kumwambia apite dirishani. Ningeweza kupiga kelele mtaani, majirani wakamtoe. Nilikaa kwenye kiti changu, simu sikioni, nikamsikiliza anavyotetemeka. Nikaona raha. Sitaki kukuficha hilo.

"Kaa hapohapo," nikamwambia. "Nakuja."

Sikuinuka.

Kule kwake kitasa kikazungushwa, polepole. Mwalimu akasema neno moja tu, "Mama?" kwa sauti ya mtoto wa miaka mitano. Simu ikaanguka sakafuni, lakini haikukatika.

Mtu akaiokota.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee. Sikuwahi kuisikia, maana siku ile hakuwa na sauti.

"Usije, mwanangu," akaninong'oneza. "Huku tumetosha."

Mwalimu hajaonekana mpaka leo. Nyumba imefungwa, na wenye mamlaka waliingia wakatoka mikono mitupu. Ila majirani wanasema kila jua likizama mwanga wa televisheni unacheza kwenye mapazia, na wale wenye masikio mazuri husikia kijana akicheka. Wameshakuja dukani mara mbili kuniomba nikaizime, kwa kuwa naijua.

Mara zote mbili nimewaambia nina kazi nyingi.