Kijiti cha Kisiwa cha Kokoto

Katika vijiji vya ukingo wa mto Drina, kanuni hii huijua hata bibi asiyewahi kushika ndoana: avukaye kwenda kisiwa cha kokoto majira ya baridi hupachika kijiti cha mwerebi shubiri moja kutoka mahali maji yalipokomea. Maji yakikigusa kijiti, mtu hurudi, hata kama samaki yumo ndoanani. Na kanuni hiyo ina mkia: aokolewaye baada ya kuidharau humtumikia mwokozi wake mezani, siku ya mtakatifu wa nyumba ya mwokozi huyo, amesimama, kichwa wazi, mpaka sahani ya mwisho.

Vukosav aliijua kanuni hiyo tangu utotoni, na ndiye aliyeivunja. Wapumbavu wasiojua huhurumiwa. Mpumbavu ajuaye hastahili hata hilo.

Ilikuwa mkesha wa Mtakatifu Nikola, mlinzi wa nyumba yake. Siku hiyo mwenye nyumba hawaandalii wageni nyama, kwa kuwa ni mfungo, bali samaki. Watu wenye akili hununua karpi dukani, samaki mnene wa bwawa. Vukosav alikuwa ametangaza mbele ya kanisa kwamba mezani pake hakitapita kitu kilicholelewa kama nguruwe. Wageni wake wangekula kleni wa mtoni, waliovuliwa kwa mkono wake. Kleni ni samaki wa kichwa kinene na mdomo mpana, mwenye miiba mingi kuliko minofu. Mwaka uliopita jirani yake Obrad alisema hadharani kwamba kula kleni wa Vukosav ni sawa na kutafuna kimto cha kuchomekea sindano kilichochovywa topeni. Tangu siku hiyo wanaume hao wawili wazima, wenye ua mmoja kati yao, hawakusalimiana.

Basi wakavuka, Vukosav na mkwewe Gojko. Gojko alikuwa ameoa na kuhamia kwa mkewe, na katika nchi ile mwanamume wa namna hiyo huhesabiwa juu kidogo ya mbwa wa nyumbani. Alibeba mizigo yote. Walipofika kisiwani aliinama akapachika kijiti. Vukosav akakipiga teke kikaelea.

"Hicho ni cha watoto," alisema, "na cha Obrad."

"Baba, upepo wa kusini umeanza. Theluji ya milimani itayeyuka."

"Nilikupa binti, sikukupa kiti cha hakimu. Nipe damu."

Gojko akampa kipande cha damu ya kuku iliyogandishwa, chambo ambacho kleni hukipenda wakati wa baridi. Asubuhi yote hawakugusa. Kisha alasiri mto ukaanza kubadilika, ukawa na rangi ya chai yenye maziwa, na samaki wakala kama waliotoka kwenye mfungo. Huo ndio mtego wa mto ule: kleni hula kwa pupa pale maji yanapoanza kupanda, na mvuvi mwenye tamaa huiona hatari kuwa ni baraka. Mfuko ukajaa samaki wa kuwatosha wageni wote.

"Baba, vijiti na majani makavu vinapita. Turudi."

"Huyu mmoja ni wa sahani ya padri. Padri hatakula samaki wa ukubwa wa kidole."

Sikio la kufa halisikii dawa. Samaki wa padri alipopatikana, kivuko cha miguu walichokijia kwa maji ya magotini kilikuwa kimefunikwa. Vukosav aliingia wa kwanza, kifua mbele, kana kwamba mto nao ungempisha kama wanavyompisha wanakijiji. Jiwe likabingirika chini ya kisigino chake. Maji yakamwagika ndani ya suruali yake ya mpira ifikayo kifuani, nayo ikamvuta kama gunia la mchanga. Mto ukamburuta hadi kwenye vyuma vya kinu cha zamani vilivyolala chini ya maji, na chuma kimoja kikamchana paja. Gojko akatupa mzigo kokotoni, akamdaka mkanda, akarudi naye kisiwani akitambaa kwa magoti, maji kidevuni.

Kisiwa kilikuwa kimebaki ukubwa wa uwanja wa kupuria ngano. Kiberiti kilikuwa kimelowa. Gojko akaifungua suruali ya mpira, maji yakamwagika pamoja na damu.

"Kaza," alisema Vukosav, meno yakigongana.

"Nakaza. Usikunje mguu." Alifunga jeraha kwa skafu yake mwenyewe, akajaza nyasi kavu zilizonasa katika matawi ya mwerebi pekee uliosalia ndani ya koti la mzee. "Panda mwerebini."

"Siwezi."

"Utapanda. Nitakusukuma kwa kichwa, na hilo hutalisimulia kanisani."

Wakaung'ang'ania mti huo, mfuko wa samaki ukining'inia tawini. Maji yalipita chini yao yakibeba mabamba ya barafu yaliyougonga mti hadi mizizi ikalia. Vukosav, aliyekuwa na maneno ya kumtosha kila mtu, sasa alikuwa na moja tu: mguu. Vidole vyake vikawa vyeupe, kisha akaanza kusinzia, na Gojko akampiga kofi. Akampiga tena. Sidhani kama kofi la pili lilikuwa la lazima, lakini silihukumu.

Jua lilikuwa bado juu ya kilima walipoiona mashua bapa ya Obrad ikishuka taratibu, mkia wake umefungwa kwa kamba ndefu kwenye mti mnene wa ukingoni. Obrad alisimama ndani yake na upondo, kofia imekaa sawa, kama mtu aendaye kununua chumvi. Akaushika mwerebi kwa ndoano.

"Jirani," alisema, "kijiti chako kiko wapi?"

"Maji yamekichukua," alijibu Vukosav.

Gojko akageuka akamtazama mkwewe. "Alikipiga teke," alisema. "Mimi nilikipachika, yeye akakipiga teke."

Obrad hakucheka. "Ingia wewe kwanza, kijana, umpokee mwongo. Na huo mfuko uacheni. Mashua yangu haibebi sindano."

Mfuko wa kleni ukabaki ukining'inia mtini, na kabla hawajafika ukingoni mti na mfuko vilikuwa vimekwenda pamoja.

Nchi kavu, chini ya blanketi, Vukosav alianza kujadiliana. "Mtakatifu wako na wangu ni mmoja. Kesho nina wageni. Chukua nguruwe wangu mkubwa, yaishe."

"Nguruwe hajui kumimina pombe ya rakia," alisema Obrad. "Kesho, kichwa wazi."

Hivyo kesho yake, siku ambayo mwenye nyumba hapaswi kuiacha meza yake hata kwa msiba, Vukosav alichechemea kuvuka ua. Alisimama kwa Obrad, mguu umefungwa, mikono imevimba, akapitisha karpi wa dukani mbele ya watu wale wale aliowahutubia kanisani. Hakuna aliyemdhihaki. Walimshukuru kwa adabu kila alipowawekea sahani, na nadhani alitamani wangemdhihaki. Sahani ya mwisho ilipokwisha, Obrad aliiondoa kofia ya Vukosav ukutani, akampa.

"Deni limekwisha, jirani. Nenda kwako, mshumaa wa mtakatifu bado unawaka."

Kwake alimkuta Gojko amesimama mahali pa mwenye nyumba, ambaye siku hiyo kwa heshima haketi, akiwamiminia wageni. Mezani palikuwa na karpi. Mke wa Vukosav, Stamena, alikuwa amemnunua mapema, kabla wao hawajakwenda mtoni, kwa maana alimfahamu mumewe kwa miaka mingi. Gojko akaiweka chupa chini, akasogea pembeni amwachie nafasi.

Vukosav aliitazama nafasi ile, ambayo yeye alisimama kila mwaka tangu babaye azikwe. Kisha akavuta kiti katikati ya wageni, akaketi.

"Endelea kusimama," alimwambia mkwewe. "Mimi nipe samaki."

Akamla yule samaki wa dukani mpaka mkia.