Panga la Babu

Kila alfajiri, kabla chai haijachemka, Ronita aliamshwa na sauti ya tupa. Baba yake, Bissun, alikuwa akinoa panga la kukatia miwa mlangoni, taratibu, huku Aaji, bibi yake Ronita, akichoma roti na kuulaani moshi. Ndivyo siku zilivyoanza kwao Labasa, katika visiwa vya Fiji, msimu wa mavuno. Huu ulikuwa msimu wao wa mwisho, kwani mkataba wa shamba ulikuwa ukingoni na wenye ardhi walikuwa wanaitaka.

Ronita alimhurumia baba yake. Jumapili moja, Bissun akiwa usingizini, alilichukua panga akalinoa kwa jiwe la kunolea la umeme la jirani. Cheche ziliruka, ukingo ukageuka buluu. Alilijaribu kwenye unywele, unywele ukakatika. Akaifuta ile buluu kwa msasa ili isionekane, na kulirudisha panga mahali pake. Hakumwambia mtu.

Jumatatu Bissun alirudi akiwa wa mwisho kati ya wakataji wote wa kundi lake. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano hakugusa chakula.

"Mkono umekwisha, Mama," alisema. "Nanoa, nakata miwa miwili mitatu, nabaki kupigapiga tu. Vijana wananicheka. Kesho namwambia sardar, msimamizi wetu, anitoe kundini."

"Na miwa yetu?" Aaji aliuliza.

"Iozee shambani. Shamba lenyewe si linaondoka?"

Aaji alikuwa na ulimi mkali kuliko pilipili, lakini jioni ile alikosa neno. Hapo ndipo Ronita alipoogopa kweli.

"Baba, si mkono," alisema, machozi yakimtoka. "Ni panga. Nililinoa kwa jiwe la umeme."

Bissun alimgeukia. "Lilibadilika rangi?"

"Lilikuwa buluu. Nikaifuta."

Baba alichukua tupa, akaipitisha ukingoni. Ilizama kwa urahisi, kama kwenye bati.

"Haya, mwenye akili kali," Aaji alisema. "Mitihani yote unashinda, panga limekushinda."

"Umeliua, mwanangu," alisema Bissun. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza Ronita kuliko kofi. "Lilikuwa la babu yako. Ukali wa kukata unywele ni wa juujuu. Ule wa kukata miwa kutwa nzima umo ndani ya chuma, katika ugumu wake. Chuma kikiungua, ugumu unatoka, na tupa haiurudishi."

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua. Ndiyo maana sikasiriki kwa panga. Siku zote hizi nimelala nikiamini nimekwisha. Nawe ulikuwa unajua ulichofanya."

Ronita alilichukua panga, akalitundika ukutani.

Asubuhi Bissun aliondoka na panga la Aaji la kupasulia kuni, fupi na zito. Jioni alirudi pamoja na wenzake, akala roti nne. Miwa ilifika kiwandani kabla hakijafungwa. Shamba likaondoka, kama walivyojua tangu mwanzo, na hakuna aliyeweza kulizuia.

Siku ya kufunga mizigo, Ronita alilikuta panga la babu ukutani. "Tuliache, Baba? Halikati kitu."

"Lichukue wewe," alisema Bissun. "Ukweli nao una makali, mwanangu. Ungeniambia Jumapili ile ile, ungenikata mara moja na kidonda kingepona. Uliuficha mpaka ukawa butu. Na kitu butu hakikati, kinachana."

Ronita alilifunga panga ndani ya shuka lake, akalibeba mwenyewe.