Transista ya Marehemu Ogweno

Redio ilikohoa kwanza, ndipo ikaanza kusema. Mwalimu Mosoti alidhani ni waya uliolegea, akaugusa, akaacha. Alikuwa amechoka. Tangu astaafu, miaka miwili mizima, alikuwa akitafuta transista moja ya kizamani, ile ya kofia ya bati, ili redio ya marehemu babake iamke. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mosoti aliinama kwenye marundo ya vyuma chakavu toka Isebania hadi Homa Bay mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

Hatimaye aliipata Lambwe, ndani ya redio ya Mzee Ogweno, aliyezikwa wiki hiyo. Mjane wake, Jerusha, alimwacha aing'oe huku akitupia jicho mlangoni.

"Chukua, mwalimu, lakini usiwashe kabla watu wagawe vitu za mzee. Saa hii zote bado ni zake."

Mosoti aliitikia vizuri tu. Alipofika nyumbani Migori, akaichomelea akawasha.

Sasa, saa saba mchana, harufu ya tumbaku ilijaa sebuleni, katika nyumba ya Waadventista ambamo hata chai ya majani haikunywewa. Redio ikasoma tangazo la kifo kwa sauti ya mzee aliyekaukwa na koo.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Mzee Ogweno wa Lambwe. Mume wa Jerusha na Mokeira."

Mokeira alikuwa mke wa Mosoti. Alitokea jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Beverlyne, nani ameniita?"

"Hakuna mtu," Mosoti alinong'ona, akachomoa betri. Redio ikalisoma tangazo tena.

Kesho yake Mokeira alipakua sahani tatu, ingawa walikuwa wawili tu nyumbani. Siku ya pili alikohoa kikohozi kilekile cha redio. Siku ya tatu Mosoti alimkuta amekiangalia kiti kitupu, akitabasamu kwa haya kama bibi harusi, akikisogezea maji ya kunawa, na maji yale, Mungu wangu, yakawa yanachafuka polepole ndani ya beseni bila mkono wowote kuonekana, na harufu ya tumbaku ikamwingia Mosoti mpaka kooni. Aliogopa. Miaka thelathini na minne alikuwa na mwanamke huyu, na hakujua kuishi namna nyingine.

Aling'oa transista, akaifunga kwenye leso, akarudi Lambwe.

"Mama, nimeirudisha."

Jerusha alirudi nyuma, mikono mgongoni.

"Tuligawa jana, mwalimu. Koti ilienda kwa ndugu yake, kiti kwa kijana wetu wa kwanza. Kila kitu ilitajwa ikapata mwenyewe. Hiyo haikutajwa."

"Sasa ni ya nani?"

"Ni yako. Ulijirithisha mwenyewe kabla ya wenyewe. Na Ogweno hakuwahi kutoa kitu bila kuchukua ingine. Jachien yake, hiyo roho yake ya kisasi, haiko hapa tena. Ilikufuata."

Mosoti alifika kwake jua likiwa bado juu, transista mfukoni. Mokeira alikuwa ameketi kizingitini, amejifunga leso mpya. Alimtazama mumewe kwa upole, kama mtu amtazamaye mpita njia.

"Karibu, mgeni," alisema. "Ngoja hapo nje kidogo. Mwenye nyumba anakula."

Ndani, mtu alikohoa.