Sanduku la Sijui

"Maji huchemka kwenye nyuzi joto ngapi?" aliuliza mkufunzi Lwitiko.

"Hapa Dodoma ni tisini na sita nukta tatu, kwa sababu tuko juu na kanieneo ya hewa ni ndogo," walijibu walimu arobaini kwa sauti moja, kama kwaya iliyofanya mazoezi mwaka mzima. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukariri jibu hilo. Walishtuka kusikia midomo yao ikilitaja, wakatazamana, kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ilikuwa siku ya nne ya mafunzo ya wakuu wa somo la sayansi wa shule za msingi, na kijazio kilikuwa kimekwisha kukomaa. Kilikuwa kidude cha ukubwa wa punje ya dengu, kinachobandikwa nyuma ya sikio. Kwa siku tatu kiliotesha mizizi myembamba kuliko unywele, ikapenya hadi kwenye mishipa ya fahamu inayoendesha ulimi. Mvaaji akisikia au akisoma swali la sayansi, kijazio kilitafuta jibu na kuusukuma ulimi kabla mwenyewe hajafikiri. Hakikuwa na mahali pa kukizima. Kukitoa kabla ya miaka miwili kungeweza kumwacha mtu bubu, na walimu wote walitia sahihi kwamba wamelielewa hilo. Mtu akitia sahihi mbele ya chai na sambusa, sijui huwa anaelewa nini.

Mwalimu Sechelela Mazengo wa Shule ya Msingi Mizabibuni alicheka pamoja na wenzake. Alirudi shuleni na cheti chake, akakining'iniza ukutani, juu kidogo ya sanduku.

Sanduku hilo lilikuwa la mbao, lililowekewa chaki enzi ambazo bibi yake alikuwa mwalimu. Sechelela alilipatia kazi nyingine. Mtoto akiuliza swali lililomshinda mwalimu, Sechelela alisema "sijui" kwa sauti ya kusikika hadi dirishani, na darasa zima likampigia yeye, mwalimu, makofi ya kilo, yale ya kumpongeza mshindi. Swali liliandikwa kwenye karatasi na kutumbukizwa sandukuni. Kila Ijumaa walichomoa moja, wakatoka nje na ndoo, kamba, vioo au chochote kilichopatikana, wakalihangaikia wenyewe. Roboti mfagiaji wa shule aliichukia Ijumaa kuliko siku zote.

Ijumaa ya kwanza baada ya mafunzo, Nyemo wa darasa la tano, binti mwenye mdomo mwepesi na magoti yenye makovu, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini sisimizi akidondoka kutoka juu ya paa haumii?"

"Kwa sababu uzito wake ni mdogo na hewa humzuia asianguke kwa kasi," ulijibu mdomo wa Sechelela.

Mikono ya watoto ilikuwa tayari kwa makofi. Ikabaki hewani, kisha ikashuka mmoja mmoja. Zamani wangetandaza shuka jeupe chini, wakapanda ghorofani wakawadondoshe sisimizi hadi saa ya chakula. Sasa jibu lilikuwa limefika, na nje hakukuwa na haja ya kwenda.

Wakachomoa karatasi ya kwanza sandukuni. Macho ya Sechelela yaliposoma tu, mdomo ukajibu. Wakachomoa ya pili, ukajibu. Kipindi kilikwisha mapema.

Ijumaa iliyofuata Sechelela alijaza maji mdomoni kabla ya kuingia darasani, akaandika ubaoni kwamba leo hasemi. Nyemo aliuliza kwa nini upinde wa mvua haunyooki. Maji yote yaliruka juu ya daftari la mahudhurio, na nyuma yake likatoka jibu, sahihi, lenye pembe za mwanga na nukta zake. Watoto walicheka hadi wakalala juu ya madawati. Sechelela naye alicheka, kisha akaenda stoo ya vifaa akafunga mlango, akalia.

Jumatatu alipanda treni ya sumaku hadi kituo cha mafunzo. Lwitiko alimpokea vizuri, akamvutia kiti.

"Mkufunzi, darasa langu limekufa," alisema Sechelela.

"Pole, mwalimu. Alama zao zikoje?"

"Zimepanda."

"Mahudhurio?"

"Wanakuja wote. Wanakaa kimya. Nakuomba mnipunguzie kasi. Nipate hata dakika moja ya kutojua."

Lwitiko alimtazama kwa mshangao wa kweli; hakuwa mtu mbaya. Akagusa meza, na juu yake ikajitokeza fomu ya mwaka jana, ile ya kuuliza walimu mahitaji yao ya mafunzo. Sechelela aliutambua mwandiko wake mwenyewe. Palipoandikwa "maswali ya wanafunzi uliyoshindwa kujibu," alikuwa amejaza kwa majivuno, *mia mbili na kumi na nne*, akaambatisha nakala ya kila karatasi iliyokuwa sandukuni.

"Nilitaka mwone jinsi watoto wangu wanavyouliza," alisema taratibu.

"Tuliona, mwalimu. Hakuna shule nyingine iliyozidi tisa. Kamati ilisikitika sana, ikasema huyu mama asaidiwe haraka. Kijazio kimetengenezwa kwa ajili yako. Maswali yako ndiyo tuliyoanza kukilisha."

Sechelela alifungua mdomo. Hilo halikuwa swali la sayansi, kwa hiyo kijazio hakikumpa la kusema. Akainuka, akarudisha kiti mahali pake.

Mwisho wa muhula Nyemo alibaki darasani wenzake walipotoka. Alikuwa amelipakata sanduku.

"Mwalimu, karatasi zote humu zimeshajibiwa, sivyo?"

"Zote," alijibu Sechelela mwenyewe.

Nyemo alizitoa karatasi, akazipanga vizuri kwa adabu, akampa mwalimu kwa mikono miwili.

"Mama anatafuta pa kuwekea vitunguu. Hili linafaa?"

Hapana, alitaka kusema Sechelela. Liache hapo, mwanangu, liache hata likiwa tupu. Alikaza meno hadi taya zikamuuma.

"Linafaa," ulisema mdomo. "Litobolewe matundu pembeni hewa ipite, na liwekwe mahali pakavu pasipo na jua."

"Asante, mwalimu," alisema Nyemo. Alisubiri kidogo mlangoni, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaondoka na sanduku.