Kiti Alichokikataa Larissa

"Waandikie sasa hivi, nione," Curtis alisema.

Larissa Hrynchuk alikuwa na simu mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Perogi, vipande vya unga vilivyojazwa viazi, zilikuwa zinachemka jikoni, na nje theluji ya Winnipeg ilikuwa imeziba nusu ya dirisha.

"Una haraka gani? Wamenipa mpaka Ijumaa."

"Haraka sina. Nataka ulale. Wiki nzima unajigeuza kama samaki kwenye kikaango."

Hilo lilikuwa kweli. Kazi mbili zilikuwa zinamvuta Larissa, huku na huku. Ya kwanza ilitoka Toronto, kampuni kubwa yenye ndege za kuvuka bahari, kwenye darasa la marubani wapya la Machi. Ya pili ilikuwa hapahapa Winnipeg, kampuni ndogo inayopeleka abiria na unga kwenye vijiji vya kaskazini visivyo na barabara. Toronto angeanza chini kabisa, rubani msaidizi. Hapa wangemkalisha kiti cha kushoto, kiti cha kapteni, tangu mwanzo.

"Toronto utakuwa mkia," Curtis aliendelea. "Krismasi uko angani, Pasaka uko angani. Hapa unaitwa Kapteni, na jioni unarudi kwangu. Tunaoana Juni. Kuna ubaya gani?"

"Namba, Curtis. Wewe mwenyewe ni rubani."

Curtis alijua. Marubani wote wa huko wanajua. Siku unayoingia kampuni kubwa unapewa namba, na aliyeingia leo humtangulia aliyeingia kesho mpaka siku ya kustaafu: kwa ndege, kwa safari, kwa likizo, kwa ukapteni. Hakuna kipaji hapo, wala bidii, wala mjomba wa kukupigia debe. Ukiikosa siku yako, umeikosa.

"Namba haikupikii chai," Curtis alisema.

"Na wangekuita wewe, ungekataa?"

Curtis aliinamia sufuria, akawa anaziangalia perogi kana kwamba hajawahi kuziona.

"Mimi walishanikataa, Lara. Unataka nilie mbele yako mara ya pili?"

Larissa aliona aibu. Walifanya usaili wa Toronto wiki ile ile, yeye na mchumba wake. Curtis alirudi akasema amekosa. Tangu hapo Larissa aliificha furaha yake kama mtu anayeficha chakula mbele ya mwenye njaa.

Simu iliita. Alikuwa mama yake.

"Umeamua?"

"Nadhani nitabaki, mama."

"Umeamua wewe, au umeamuliwa?"

"Curtis ananipenda."

"Sijasema hakupendi. Hata paka anampenda panya. Binti yangu, mtu akikuharakisha kuikataa neema, muulize kwanza yeye atakula wapi."

"Mama, yuko hapa jikoni."

"Basi msalimie."

Larissa alikata simu, akawaandikia Toronto ujumbe kabla moyo haujageuka: *Nawashukuru kwa nafasi mliyonipa darasa la Machi. Nimeamua kubaki Winnipeg.* Akautuma. Curtis akambusu kwenye paji la uso, akasema anakwenda kupasha gari moto.

Alikaa huko muda mrefu. Kupitia nusu ya dirisha Larissa alimwona ndani ya gari, simu sikioni, anacheka. Akadhani anamweleza mama yake habari za harusi. Akampakulia perogi nyingi kuliko zake.

Mwezi uliofuata Larissa alikuwa anarudi kutoka kijiji cha Garden Hill, amekaa kushoto. Kulia kwake alikaa Desmond Flett, mkufunzi wake, mzee wa Kikrii, wenyeji wa asili wa huko, aliyekuwa ameruka kaskazini kabla Larissa hajazaliwa. Kule hakuna mnara wa kuongoza ndege njia nzima. Marubani hutajiana mahali walipo kwenye masafa mamoja ya redio, ili wasigongane, na wakishatajiana husengenya. Kila aliye angani anasikia.

Sauti ya Gus Bjornson ilijaa masikioni. Gus alikuwa rubani wa kampuni ile ile aliyofanyia kazi Curtis.

"Larissa, dada yangu, hongera. Na pole."

"Pole ya nini, mzee Gus?"

"Ya kubaki na mume wa kwenye simu. Curtis ametuaga asubuhi hii. Toronto, darasa la Machi. Bosi amenuna mpaka kahawa imempoa."

Larissa alishika usukani vizuri zaidi.

"Darasa la Machi lilijaa," alisema.

"Lilijaa, ndiyo. Yeye alikuwa wa kwanza kwenye akiba, orodha ya wanaosubiri nafasi, tangu siku ya usaili. Mjanja yule, alituficha sote. Sasa kuna mjinga mmoja kaitupa nafasi yake, Curtis akaingia palepale. Huyo mjinga nikimjua nitamnunulia bia."

Watu wawili watatu wakacheka redioni, kila mmoja juu ya ziwa lake lililoganda.

Desmond hakucheka. Alikuwa anajua ni nani aliyeikataa Toronto. Alinyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio.

"Ndege kwanza, mwanangu," alisema. "Machozi yatasubiri zamu yake."

Larissa aliitua ndege taratibu, hata abiria mmoja akamshukuru mlangoni.

Curtis alikuwa anamsubiri kwenye maegesho, amesimama kando ya gari, mikono mfukoni. Habari zilikuwa zimemfikia kabla ndege haijafika.

"Nilikuwa nikuambie Jumapili," alisema.

"Ulijua kwamba nikikataa, kiti ni chako?"

"Nilijua kuna uwezekano."

"Curtis."

"Nilijua."

"Uliniambia wamekukataa."

"Akiba ni kukataliwa kwa adabu, Lara. Mtu anaweza kukaa akiba mpaka akaota mvi."

"Basi si ungeniacha niende, wewe usubiri darasa jingine? Tungekuwa wote Toronto."

"Ungenitangulia."

Neno lilimponyoka. Alijaribu kulifunika kwa mengine.

"Maisha yote, Lara. Mimi nina saa nyingi angani kuliko wewe. Nimekufundisha kutua kwenye barafu. Halafu uwe kapteni wangu mpaka ninazeeka? Watu wangesema nini?"

"Wangesema mke wake ni rubani mzuri."

"Nilifanya kwa ajili yetu. Omba tena vuli. Nitakusemea."

"Utanisemea," Larissa alirudia, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha.

Akavua glavu. Baridi ilikuwa imevikausha vidole vyake, na pete ikatoka bila kubishana. Akaiweka juu ya boneti la gari na kurudi ndani ya ofisi. Hakugeuka kuona kama Curtis ameichukua.

Mwaka wa pili safari za ndege zilipungua dunia nzima, na kampuni kubwa ya Toronto ikaanza kupunguza marubani. Ilianza mkiani, kama desturi: wa mwisho kuingia, wa kwanza kutoka.

Asubuhi moja Curtis Penner alisimama kwenye mlango wa banda la ndege la kampuni ya kaskazini, kofia mkononi.

"Kapteni Hrynchuk."

"Curtis."

"Wamenipunguza."

"Nimesikia. Redio haina siri, unakumbuka."

"Bosi wako anasema kuna kiti cha kulia. Anasema atakuuliza wewe."

"Ameshaniuliza. Nimemwambia unaruka vizuri."

Curtis alishusha pumzi. Angeishia hapo, angeondoka na heshima kidogo. Lakini alitabasamu.

"Unajua, nimewaza sana. Namba ile ingekuwa yako, leo wewe ndiye ungekuwa nje. Ukitazama vizuri, nilikuokoa."

Uchungu wa Larissa ulikuwa hapo hasa: Curtis alikuwa amesema kweli. Angekuwa nje, kwenye baridi, na kofia mkononi.

"Ningepunguzwa," alisema. "Lakini ingekuwa hasara yangu, niliyoichagua mwenyewe. Hata hiyo uliniibia."

"Lara, tutakuwa tunaruka pamoja. Labda polepole..."

"Hapana. Nimeomba jambo moja tu, wasitupange ndege moja. Nikiwa angani lazima nimwamini aliyekaa kulia kwangu."

Akachukua mkoba wake, akampita.

Siku hizi wote wawili wanaruka kaskazini. Larissa akifika juu ya ziwa hutaja mahali alipo na anakoelekea, kama sheria inavyotaka. Kutoka kiti cha kulia cha ndege nyingine, Curtis humjibu kwamba amemsikia. Kisha husubiri kidogo, labda ataongezewa neno. Haongezewi. Na kwenye masafa yale ambamo kila mtu husengenya, hakuna anayecheka.